Uliza Fundi: Jina la tovuti linasomwa kuanzia mkiani

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja kuhusu kitu kimoja, majina ya tovuti, na nadhani ni kwa sababu ni Januari, matokeo yanatoka, kila grupu la WhatsApp lina linki yake na kila linki ina mtu anayeapa kuwa ndo yenyewe. Basi safu nzima leo nimewapa majina. Wale wa betri kuvimba na simu kuingia maji mnisubiri kidogo.

Mwanangu Fundi, hujambo? Kwenye grupu la wazazi kuna mtu katuma linki ya matokeo ya kidato cha nne, inaanza kabisa na necta.go.tz, jina la Baraza la Mitihani, nikataka kubonyeza mjukuu wangu akaninyang'anya simu, eti bibi hiyo feki. Akaniuliza inaishia na nini, nikamwambia mimi naangalia inapoanzia. Kaeleza haraka haraka sikumwelewa. Nieleweshe taratibu.
*Bibi wa Mbagala*

Shikamoo bibi. Mjukuu yuko sahihi, mnunulie soda.

Linki uliyonitumia siichapishi hapa maana kuna mtu ataibonyeza tu, ila nimebadilisha mwisho wake nikaweka example.com, ambalo ni jina lililotengwa rasmi tangu 1999 kwa ajili ya mifano tu, hakuna tapeli anayelimiliki. Ilikuwa hivi: https://necta.go.tz.example.com/matokeo

Sisi macho yanaanza kushoto, tukikuta necta.go.tz roho inatulia, yaliyobaki hatusomi. Programu ya kufungulia tovuti, yaani brauza, haifanyi hivyo. Yenyewe inatafuta kwanza ile mikwaju miwili, //, halafu inatembea kwenda kulia mpaka ikutane na mkwaju mmoja, na kilicho katikati ndo jina. Hapo jina ni necta.go.tz.example.com, lote hilo. Sasa kujua mwenye jina ni nani unaanza mwisho unarudi nyuma. Ni kama bahasha ya barua, jina lako juu, sanduku la posta, halafu Dar es Salaam, halafu Tanzania, na posta ya nje ikipokea bahasha inatazama mstari wa mwisho kwanza, jina lako haliwahusu kabisa mpaka barua ifike huku. Kwahiyo soma: com, halafu example. Basi, mwenye mali ni example.com. Vilivyobaki kushoto kwake ni mapambo, anaweza kuweka necta, anaweza kuweka ikulu, anaweza kuweka hata jina lako bibi, na haombi ruhusa kwa mtu yeyote.

Ya kweli inakuwaje? Ukiisoma kutoka mwisho unapata tz, halafu go, halafu necta, na baada ya hapo mkwaju au hakuna kitu. Kushoto kwa necta panaweza kuwa na neno lingine, hiyo haina shida, kwa sababu aliyeliweka ni NECTA wenyewe. Na go.tz ni ya taasisi za serikali, mtu binafsi haendi dukani akanunua.

Kuna ujanja mwingine ambao nimeuona kwenye magrupu na uko wa aina tatu. Wa kwanza wanatumia dashi, necta-go-tz halafu kitu kingine, na dashi kwa kompyuta ni herufi kama herufi nyingine tu, haitenganishi chochote, kinachotenganisha ni nukta peke yake. Wa pili jina la serikali linawekwa baada ya mkwaju, example.com/necta.go.tz, hapo necta ni jina la faili tu ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Wa tatu ndo mbaya kuliko yote, https://necta.go.tz@example.com, ukiona hiyo alama ya imeli ndani ya jina, kabla ya mkwaju mmoja, jua kuwa kila kilicho kabla yake brauza inakichukulia kama jina la mtumiaji anayeingia, zamani watu waliitumia kweli kuingilia kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, leo wanaoipenda zaidi ni wezi, na tovuti yenyewe ni ile iliyo baada ya alama.

Na kama kuna mtu kwenye grupu kasema "ina kufuli, iko salama", mwambie kufuli linasema kwamba mazungumzo yako na jina hilo hayasikilizwi njiani, halisemi mwenye jina ni mtu mwema. Cheti cha kufuli kinapatikana bure tangu 2015, tapeli naye anacho. Chrome wenyewe, brauza ya Google, mwaka 2023 waliiondoa ile picha ya kufuli kwa sababu watu walikuwa wanaielewa vibaya.

Kaka Fundi mambo vipi. Nauza vitenge Kariakoo mtaa wa Kongo, napost bei kwenye magrupu. Kuna maneno yanageuka bluu yenyewe na mstari chini, mteja akigusa anapelekwa mtandaoni anaambiwa ukurasa haupatikani, wengine wanadhani ni utapeli. Juzi nimeandika "mzigo umefika.na bei ni ileile" likawa bluu "umefika.na". Nani anayaweka hayo?
*Dada wa vitenge*

Poa dada yangu. Hakuna anayekuchezea, ni kidole chako kimeruka spesi baada ya nukta, na programu ikadhani umeandika jina la tovuti ya Namibia.

Iko hivi. Majina yanayoishia na herufi mbili ni ya nchi, yanafuata orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi, tz sisi, ke Kenya, ug Uganda. Sasa angalia balaa la Kiswahili, vineno vyetu vidogo vya kuunganishia sentensi vingi vina herufi mbili, na vingi tayari ni vya nchi za watu. "Na" ni Namibia. "Ni" ni Nicaragua. "Si" ni Slovenia. "Je" ni kisiwa cha Jersey. "Za" ni Afrika Kusini, "la" ni Laos. Kwahiyo Mswahili anayeandika haraka bila spesi anatengeneza tovuti siku nzima bila kujua, "sijalipwa.je wewe", "bei.si ya kupunguza", zote zina umbo la jina. Hata ukianza na herufi kubwa, umefika.Na, bado, maana kwenye majina haya kubwa na ndogo ni kitu kimoja. "Ya" na "wa" zimepona, hakuna nchi iliyopewa hizo.

Kitu cha kuelewa hapo ni kwamba kuwa bluu sio ushahidi kuwa tovuti ipo. Programu ya meseji inajiuliza swali moja jepesi, hiki kitu kina sura ya jina? Kuna maneno, nukta katikati, na mwisho wake upo kwenye orodha ninayoijua? Kama ndio, inapaka bluu. Haiendi kuuliza kama jina limesajiliwa kweli, hilo swali linaulizwa mteja anapogusa, na ndo maana anaambiwa haupatikani. Na siku mtu akijisajilia hilo jina mteja wako anafunguliwa duka la mtu mwingine kabisa, kwahiyo usilichukulie poa sana.

Zamani hili tatizo lilikuwa dogo, miisho ilikuwa com, net, org na wenzake wachache pamoja na nchi. Kuanzia 2013 wakafungua mlango, sasa hivi miisho imezidi 1,400 na ndani yake kuna maneno ya kawaida kabisa. Mwaka 2023 Google walianza kuuza .zip, na zip ni mwisho wa faili ambazo watu wa ofisini wanatumiana kila siku, kwahiyo ukiandika "nimekutumia orodha.zip" kuna programu zitaipaka bluu kana kwamba orodha ni tovuti. Mimi binafsi naona hilo halikuwa na ulazima wowote, maneno yote duniani wakachagua hilo.

Dawa yako ni spesi baada ya nukta, basi. Na ukitaka linki yako ya kweli ishike kila mahali iandike kamili kuanzia https, usiiachie programu ikisie. Inakisia hata mwishoni mwa sentensi, ukiandika "ingieni dukaletu.co.tz." inabidi iamue kama nukta ya mwisho ni ya jina au ni ya sentensi, na huwa inaitupa. Cha kuchekesha ni kwamba jina kamili lenye nukta mwishoni ni halali kabisa, nitaligusa huko chini.

Fundi, mimi fundi mwenzio ila wa mbao. Karakana yetu ya vitanda na makabati iko Chang'ombe na jina letu lina neno Chang'ombe ndani. Kijana wa steshenari anayetusajilia domeini, yaani jina la tovuti, kasema ile alama ya juu haikubali, tukajaribu kuacha nafasi haikubali, kistari cha chini haikubali. Kwani kompyuta ina ugomvi gani na Chang'ombe?
*Seremala, Temeke*

Haina ugomvi na Chang'ombe fundi mwenzangu, Mang'ula nao wamekataliwa, na ng'ombe wote wa nchi hii.

Sheria ya majina ya tovuti ni fupi: herufi a mpaka z, tarakimu 0 mpaka 9, na dashi, ila dashi isianze wala isimalizie. Imetoka mbali hiyo. Kabla ya 1983 mtandao wa Marekani ulioitwa ARPANET ulikuwa na faili moja tu la majina, linaitwa HOSTS.TXT, lilitunzwa na kina Elizabeth Feinler kwenye taasisi ya utafiti huko California, ukitaka kompyuta yako ijulikane unawaambia wanaandika, halafu kila mtu anakuja kuchukua nakala. Mtandao ulipokua faili likawa halibebeki, ndo Paul Mockapetris akabuni DNS, mfumo tunaoutumia mpaka leo, lakini tabia ya majina ikabaki ileile ya lile faili. Mwanzoni hata kuanza na tarakimu ilikuwa marufuku, ikaruhusiwa 1989.

Sasa hapa kuna jambo ambalo kijana wa steshenari labda hajui. DNS yenyewe kwa ndani haina shida na alama yako. Simu inapouliza jina haitumi hata nukta, inatuma idadi ya herufi kisha herufi zenyewe. Changombe.co.tz inasafiri hivi: 9, halafu changombe, halafu 2, halafu co, halafu 2, halafu tz, halafu 0. Ile sifuri ndo mwisho wa jina, ndo mzizi wa majina yote duniani, na ndo ile nukta ya mwisho niliyomwambia dada wa vitenge. Ndani ya vile visehemu waweza kuweka karibu chochote, na kuna vitu vya mitambo kweli vinatumia kistari cha chini, kwa mfano _dmarc inayosaidia kuzuia watu wasitume imeli kwa jina lako. Ila jina la tovuti na la mashine linafuata sheria ya zamani, na wasajili wanaisimamia. Na wana sababu, ile alama ya juu kwenye lugha nyingi za programu ndo inayofungua na kufunga maandishi, ukiiachia ndani ya jina kuna mahali itavuruga. Halafu kuna mbili, ile iliyonyooka na ile iliyopinda ambayo simu inaiweka yenyewe, kwa macho ni moja, kwa mashine ni vitu viwili, mteja wako angeandika ipi?

Ile namba ya idadi ndo pia inayoweka kikomo. Imepewa baiti moja, yaani biti nane, na biti mbili za juu zimechukuliwa kwa kazi nyingine, zinabaki sita, na kwa biti sita huwezi kuhesabu zaidi ya 63. Kwahiyo kati ya nukta na nukta mwisho herufi 63, na jina zima halizidi 253. Hata kama mkitaka kuandika vitanda na makabati na meza za kulia chakula chang'ombe bila spesi, mtaenea.

Ushauri wangu andikeni changombe moja kwa moja, watu kwenye simu wanaandika hivyohivyo hawana muda wa kutafuta ile alama. Msikubali chang-ombe yenye dashi, najua itapendekezwa. Siku mnatangaza redioni mtangazaji atasema "chang dashi ombe" na mteja atakuwa ameshabadili stesheni.

Herufi kubwa na ndogo zina tofauti? Bosi kachapisha bango lote kwa herufi kubwa, WWW na yote.
*Wa ofisini, Posta*

Kwenye jina hakuna tofauti, NECTA.GO.TZ na necta.go.tz na NeCtA.gO.tZ ni mlango mmoja. Tofauti inaanzia baada ya mkwaju wa kwanza, huko kila seva ina sheria zake na nyingi zinatofautisha, kwahiyo /Bei na /bei vinaweza kuwa kurasa mbili au moja ikawa haipo kabisa. Kama bango lina kitu baada ya mkwaju lijaribuni kabla halijapanda juu ya nguzo. Na www sio sheria, ni neno kama maneno mengine, jina lenye www na lisilo nayo ni majina mawili na fundi wenu inabidi ayaweke yote mawili, asipofanya hivyo nusu ya wateja wanaona kosa.

Shikamoo kaka Fundi. Nasoma chuo hapa Ubungo, nimetengeneza website ya kwaya ya kanisa. Tumehama kampuni ya hosting, wale wanaohifadhi tovuti, nikabadilisha seva usiku, asubuhi mimi naona mpya, mwenyekiti yuko Tegeta anaona ya zamani, mweka hazina hafunguki kabisa. Kamati inasema sijafanya kazi na hela nimekula. Hosting wananiambia "subiri isambae". Inasambaa wapi?
*Mwanakwaya*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kamati.

Haisambai popote. Hilo neno linatumiwa na kila kampuni ya hosting na linawapotosha watu, wanadhani kuna kitu kinatembea kwenye nyaya kwenda Tegeta na kimekwama Mwenge kwenye foleni. Ukweli ni kinyume, kuna kumbukumbu za zamani zimekaa sehemu mbalimbali na zinangoja kuisha muda.

Simu ya mwenyekiti haijui jina la kwaya linakaa kwenye seva gani. Inamuuliza mtu wa katikati, ni seva ya kampuni yake ya simu ambayo kazi yake ni kuulizia majina. Huyu wa katikati kama hajui anaanzia mzizini, kuna majina 13 ya seva za mzizi, herufi a mpaka m, nyuma ya hayo majina kuna mashine zaidi ya elfu moja zimetawanywa duniani. Mzizi haujui kwaya yenu, unamjibu tu waulize wa tz. Wa tz wanamwelekeza kwa seva iliyoandikishwa kwa jina lenu, na hiyo ndo inatoa namba ya mahali tovuti ilipo. Safari nzima sehemu ndogo ya sekunde. Ila ingekuwa kila mtu akibonyeza wanaanza mzizini mtandao ungelala chali, kwahiyo yule wa katikati jibu analitunza, na jibu linakuja na muda wake wa kuishi ulioandikwa kwa sekunde. 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Muda ukiwa haujaisha hamuulizi mtu tena, anatoa la zamani.

Kwahiyo mwenyekiti yuko kwenye mtandao ambao mtu aliulizia tovuti ya kwaya jioni kabla hujabadilisha, na jibu likawekwa la siku nzima. Wewe mtandao wako ulikuwa haujaulizia, ukapata jipya. Huyo mweka hazina ambaye hafunguki, nahisi anapelekwa kwenye seva ya zamani na huko mmeshazima au mmefuta, au mtandao wake uliambiwa jina halipo, maana hata "hakipo" ni jibu na lenyewe linatunzwa. Wala usiwaambie wafute historia ya brauza kama kumbukumbu iko kwa kampuni ya simu, wataona hakuna kilichobadilika na wataongeza kosa lingine kwenye orodha yako. Mwambie mwenyekiti atoke kwenye data aingie waifai ya mtu mwingine ajaribu, akiona mpya onyesha kamati.

Safari nyingine fanya hivi, siku moja au mbili kabla ya kuhama ingia kwenye rekodi zako ushushe ule muda mpaka 300, yaani dakika tano. Ngoja muda wa zamani uishe. Halafu hamisha, na seva ya zamani iache inawaka siku kadhaa. Ukiwa unabadilisha zile nameserver zenyewe, yaani seva zinazotoa majibu ya jina lenu, sio rekodi tu, hapo kuna muda mwingine unaotawaliwa na wenye mwisho wa jina, wa .com wao wameweka 172800, ni siku mbili kamili, na hiyo ndo asili ya ile "subiri masaa 48" ambayo watu wa hosting wanaitaja kama dua.

Fundi, hii "co" ni kampuni gani? Naona makampuni yote ya Bongo yako chini yake, sijui duka fulani co.tz, sijui gereji fulani co.tz. Na serikali mbona go wakati Marekani ni gov?
*Mdadisi, Kigamboni*

Sio kampuni, ni kabati tu. Wenye tz waligawa makabati tangu zamani, co la biashara, or la mashirika yasiyo ya faida, ac la vyuo, sc la shule, go la serikali. Mtindo wa go tunao sisi, Kenya na Uganda, hata Japani ni go.jp, Waingereza wao gov.uk. Marekani hawana haja ya kuandika nchi kwa sababu .gov yote ni yao, walikuwepo kwanza.

Ila swali lako limegusa kitu ambacho hata programu zinahangaika nacho. Ukitazama nukta peke yake huwezi kujua mali ya mtu inaanzia wapi. Example.com, sehemu mbili, ni ya mtu mmoja. Co.tz nayo sehemu mbili lakini ndani wamejaa maelfu wasiojuana. Brauza ikikosea hapo ni hatari, kwa sababu tovuti huwa inaacha kuki kwenye simu yako ya kukukumbuka kwamba umeshaingia, na tovuti inaruhusiwa kusema kuki hii isomwe na familia yangu yote. Gereji ikiruhusiwa kusema familia yangu ni co.tz, basi kuki zake zinatumwa kwa kila biashara ya Tanzania unayoifungua, na ya gereji inaweza kuvuruga ya benki. Hakuna hesabu ya kulitatua hilo, kwahiyo watu wa Mozilla, wenye brauza ya Firefox, wakaanzisha orodha inayoandikwa kwa mkono, co.tz imo, co.ke imo, co.za imo, na brauza kubwa zote zinaitumia. Programu za kutunza paswedi nazo huwa zinaisoma, ndo zinavyojua paswedi ya duka hili zisiiweke kwenye duka lile. Mimi huwa nastaajabu sana hapo, mtandao mzima huu na akili zake zote unategemea faili la maandishi ambalo watu wanaongeza mstari mmoja mmoja. Kina Feinler wangecheka.

Nimetumiwa linki ya namba tupu, http:// halafu namba ndefu haina nukta hata moja. Nimeona ni kosa la kuchapa.
*Bodaboda, Sinza*

Sio kosa. Seva nyingi zina anwani ya namba nne, kama 8.8.8.8 ya Google, na hizo nne ukizikunja zinakuwa namba moja, 134744072. Brauza inakubali zote mbili na kuzifungua kama kitu kimoja, ni mabaki ya programu za zamani. Hakuna duka la kweli linalojitangaza hivyo.

Kaka, meseji ya mkopo imekuja na linki inaanza na xn na dashi mbili halafu herufi zisizoeleweka. Hiyo ni virusi?
*Wa Tabata*

Yenyewe kama yenyewe sio virusi. Nimemwambia seremala kwamba majina ni a mpaka z tu, sasa Waarabu, Warusi, Wachina na hata Wajerumani wenye vidoti juu ya herufi wafanyeje? 2003 ikapatikana njia inaitwa Punycode, jina lolote la herufi za kigeni linageuzwa kuwa herufi za kawaida na mbele linawekewa xn--, brauza ikilipokea inaweza kukuonyesha lile la asili. Tovuti ya jiji la München ukiiandika na vidoti vyake ni münchen.de, kwa ndani inasafiri kama xn--mnchen-3ya.de. Na tangu Mei 2010 hata miisho yenyewe inaandikwa hivyo, Misri, Saudia na Emirates walitangulia na Kiarabu chao.

Shida ni kwamba a ya Kirusi na a yetu kwa macho ni pacha, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa. 2017 mtafiti mmoja wa usalama alisajili jina la herufi za familia ya Kirusi tupu, ukiliona kwenye brauza unasoma apple.com na kufuli juu yake, kumbe kwa ndani ni xn--80ak6aa92e.com. Alifanya kuonyesha tu, Chrome wakarekebisha kwenye toleo la 58, na siku hizi brauza ikilitilia shaka jina inaacha kukuonyesha sura nzuri inakuwekea ile xn-- kavu kavu. Kwahiyo inawezekana umeona xn-- kwa sababu simu yako imekataa kudanganywa, au aliyetuma kanakili tu ikatoka hivyo. Ukitaka kujua nyuma yake kuna nini usiifungue, inakili uiweke kwenye kigeuzi chochote cha Punycode usome herufi za asili. Inaweza kuwa duka halali la mikate la Mjerumani. Ila Mjerumani wa mikate kukukopesha wewe Tabata saa tano usiku, hapo sina la kukusaidia.